Fidia ya dhoruba huamuliwa kabla dhoruba haijafika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu bima ya nyumba. Kila upepo mkali na mvua kubwa zinapopita, kampuni za bima hutupiwa lawama. Nyingine ni lawama za haki, maana zipo kampuni zinazozungusha wateja hadi wakate tamaa. Lakini madai mengi ya dhoruba hukataliwa au hupunguzwa kwa sababu zilizokuwa wazi kwenye hati na juu ya paa tangu wingu halijatanda.

Tuanze na kiasi cha bima. Nyumba hukatiwa bima kwa gharama ya kuijenga upya, si kwa bei ambayo ingeuzwa. Kiwanja hakiungui wala hakipeperuki, kwa hiyo thamani yake haihesabiwi. Vinavyohesabiwa, na ambavyo watu husahau, ni kubomoa mabaki na kuzoa kifusi, malipo ya msanifu na mhandisi, vibali, uzio na geti. Anayetaja kiasi pungufu ili ada ya mwaka iwe nafuu hukutana na sharti la uwiano, ambalo limo katika hati nyingi. Tuseme kuijenga upya nyumba kunagharimu milioni 100, mwenyewe ameikatia bima ya milioni 60, kisha upepo ukaezua paa na kuleta hasara ya milioni 20. Hudhani kwamba 20 imo ndani ya 60, basi atalipwa yote. Kumbe alichokata ni asilimia 60 ya bima inayohitajika, hivyo atalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12. Bado hapo haijatolewa sehemu anayobeba mteja mwenyewe. Hiyo nayo ichunguzwe: asilimia 5 ya hasara hii ni milioni 1, ila asilimia 5 ya kiasi cha bima ni milioni 3. Kwa upepo na mafuriko, kampuni nyingine hutumia hesabu hii ya pili. Na kwa kuwa bei ya saruji, mabati na ufundi haikai mahali pamoja, kiasi cha bima kipitiwe upya kila mwaka kabla ya kulipia ada.

Jambo la pili ni aina ya maji. Hati ya kawaida ya bima ya moto inaweza kuwa na moto na radi tu, huku dhoruba na mafuriko yakiongezwa kwa ada ya ziada, na mara nyingi kila kimoja peke yake. Maji yaliyoshuka kupitia paa lililoezuliwa ni ya dhoruba. Yaliyopanda kutoka ardhini au mtoni ni mafuriko. Mwenye kinga ya dhoruba peke yake hatalipwa kwa sakafu iliyozama. Hata kwa mvua, ndani ya nyumba hulipwa iwapo upepo ndio uliofungua tundu kwanza. Mvua iliyopenya kwenye msumari ulioliwa na kutu, au iliyofurika kutoka kwenye mfereji wa paa uliojaa majani, huandikwa kuwa ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Zipo hati ambazo huondoa uzio na geti katika kinga ya dhoruba ingawa thamani yake ilihesabiwa kwenye kiasi cha bima, uliza mapema. Uliza pia nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60 kinga gani zinasitishwa. Wala usingoje utabiri wa hali ya hewa ndipo ukimbilie kwa wakala: nchini Marekani, kwa mfano, bima ya mafuriko ya mpango wa taifa ulioanzishwa 1968 kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa.

Sasa paa, ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko kurasa zote za hati. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Na nguvu hiyo haisukumi bati tu, hulinyonya kwenda juu, hasa kwenye pembe, kwenye kingo za upenu na kwenye mgongo wa paa. Fundi anayepiga misumari kwa nafasi ileile paa zima ameacha udhaifu palepale panaponyonywa zaidi. Kwenye kingo hizo bati lifungwe kila tuta (sehemu ya mkunjo iliyoinuka); katikati linaweza kurukwa tuta moja. Msumari laini huchomoka. Skrubu yenye washa ya mpira hushika, mradi isikazwe hadi mpira ukatanuka na kupasuka, maana hapo ndipo uvujaji unapoanzia. Ipigwe juu ya tuta, kamwe si kwenye bonde ambamo maji hupita.

Bati likishika, upepo hutafuta kiungo kinachofuata. Papi (mbao zinazofungiwa bati) hung'oka kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), au kenchi zote hunyanyuka ukutani na paa likaondoka zima. Kwa hiyo papi ifungwe kwenye kenchi kwa skrubu ndefu au vipande vya chuma, na kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma uliozamishwa ndani ya zege la linta (boriti inayopita juu ya milango na madirisha), uipitie kenchi kwa juu na kupigwa misumari pande zote mbili. Waya wa kufungia nondo si mbadala. Huliwa na kutu na kukatika. Kwenye maeneo ya vimbunga upenu usizidi takriban sentimita 45, na paa la baraza lijengwe peke yake lisiungane na paa kuu, ili likiondoka liondoke peke yake. Anayejenga upya akumbuke pia kwamba paa lenye miteremko minne huhimili upepo vizuri kuliko la miteremko miwili.

Wapo wanaoshauri madirisha yafunguliwe wakati wa upepo ili nyumba "ipumue". Ushauri huo ni wa hatari. Upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini wakati ule ule unalinyonya kutoka juu. Funga kila kitu, na kwenye vioo weka plaiwudi ya milimita 16 iliyokwisha kukatwa, kutobolewa na kuandikwa ni ya dirisha lipi. Matawi yanayolielekea paa yakatwe. Tangi la plastiki lijazwe: lita 1,000 ni tani moja na halitikisiki kirahisi, lakini likiwa tupu huruka.

Kwa mafuriko, ardhi inayozunguka msingi ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Bomba la choo liwe na vali ya kuzuia maji machafu kurudi ndani. Mifuko ya mchanga ijazwe hadi nusu au kupita kidogo, ipangwe kwa kupishana kama matofali. Iliyojaa pomoni huacha mapengo. Swichi kuu ya umeme izimwe maji yakiwa bado nje. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse.

Siku tulivu piga picha kila chumba, kabati zikiwa wazi, pamoja na namba za vifaa na risiti, kisha zihifadhi nje ya nyumba. Piga na paa pia: picha ya mabati yasiyo na kutu ndiyo jibu la neno "uchakavu". Angalia kama vyombo vyako vinalipwa kwa bei ya kipya au kwa thamani iliyopungua. Kwa njia ya pili, televisheni iliyokaa nusu ya maisha yake inaweza kulipwa nusu ya bei.

Dhoruba ikipita, piga picha kabla hujagusa kitu na weka alama ukutani pale maji yalipofika. Toa taarifa kwa kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye hati, kisha funika paa kwa turubai na utoe maji, kwa sababu hati inakutaka uzuie hasara isiongezeke, na kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Risiti za matengenezo hayo ya muda zitunzwe. Vilivyoharibika visitupwe kabla mkadiria hasara hajaviona. Zulia likioza, kata kipande na kukihifadhi. Ukipewa malipo ya awali, soma unachosaini, kisije kikawa ni kukiri kwamba umelipwa yote. Na ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kifungu kilichotumika, omba nakala ya ripoti ya mkadiria hasara, na vyote viwili uviambatishe kwenye malalamiko yako kwa mamlaka inayosimamia bima.

Mkadiria hasara za majengo