Risala ya Wafugaji wa Kuku wa Kibaha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Lishe ya Kuku Wakati wa Joto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Afisa Mifugo wa Kata,
Viongozi wa dini,
Wakufunzi wetu,
Wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya wanakikundi, nakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi chini ya turubai hili. Sisi ni wafugaji wadogo wa kuku wa mayai na wa nyama. Wengi wetu ni akina mama, na wachache wana ng'ombe wa maziwa na mbuzi. Tulianza kwa kuchangishana fedha ili tununue chakula cha kuku kwa pamoja. Leo tunafunga mafunzo kuhusu jambo linalotutoboa mifuko kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi: joto, pamoja na pakiti za vitamini na madini tunazouziwa kama tiba ya joto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hadi 42, naye hustarehe hewa ikiwa kati ya nyuzi 18 na 24. Huku Pwani, Januari na Februari mchana hupita nyuzi 30, na usiku haupoi kiasi cha kumpumzisha. Kinachobaki ni kuachama, kutanua mabawa na kutweta, ili unyevu wa kooni ukauke na kuondoka na joto. Dodoma njia hiyo humsaidia kwa sababu hewa ni kavu. Kwetu hewa imeshajaa unyevunyevu wa bahari, hivyo kuku anatweta kutwa na bado hapoi. Ndiyo maana ushauri wa mfugaji wa bara, hata awe hodari vipi, tunaupima kwanza kabla ya kuufuata.

Kutweta nako kuna gharama. Kila pumzi inaondoka na kaboni dayoksaidi nyingi kuliko kawaida, asidi ya damu inapungua, na figo zinajaribu kusawazisha mambo kwa kutoa baikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, ambayo huondoka pamoja na potasiamu. Sasa, ganda la yai ni kalsiamu kaboneti. Malighafi hizo mbili, kalsiamu na kaboneti, zinakuwa haba kwenye damu, na wakati huohuo kuku amesusa chakula, maana kumeng'enya chakula kunazalisha joto jingine. Yai linatoka na ganda jembamba. Mteja wa Dar es Salaam akipiga simu kwamba trei imefika na mayai yaliyopasuka, lawama humwangukia dereva wa bodaboda, ilhali mara nyingi tatizo lilianzia bandani, saa nane mchana.

Somo lililotugusa zaidi ni la msongo wenyewe. Kuku akizidiwa na joto, msongamano au kelele, ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa homoni ya kotikosteroni. Kwa muda mfupi homoni hiyo ni msaada, kwani inaongeza sukari kwenye damu ili kuku apate nguvu za kumkimbia kicheche. Ikikaa siku nyingi inakula nyama ya kifua na kusinyaza viungo vya kinga. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, Gross na Siegel, walionyesha kwamba msongo unasomeka kwenye chembe nyeupe za damu ya kuku: zile ziitwazo heterofili zinaongezeka na limfosaiti zinapungua. Limfosaiti ndizo zinazoijibu chanjo. Ukimchanja kuku aliyekwisha kuchoka, unaweza kutimiza ratiba yote na bado kinga ikawa hafifu.

Hapa Kibaha tuna bahati. Chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri), aina ya I-2, inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, hapahapa kwetu. Ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine. Ila anayevumilia joto hapo ni chanjo, si kuku. Kwa hiyo tunachanja alfajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuje kwenye pakiti. Hatuzipingi. Sodiamu baikaboneti na potasiamu kloraidi zinarudisha baadhi ya madini yanayopotea, mradi chumvi ya kwenye chakula ipunguzwe ili sodiamu isizidi. Vitamini C kuku anajitengenezea mwenyewe kwenye figo, tofauti na sisi binadamu, lakini wakati wa joto mahitaji yanazidi anachotengeneza, na kiasi cha miligramu 250 hivi kwa kila kilo ya chakula kimetumika sana kwa faida. Ubaya wake ni kwamba ndani ya maji inaharibika upesi, hasa yenye klorini au yakikaa juani. Maji ya vitamini yaliyochanganywa asubuhi na kuachwa hadi jioni ni maji yenye rangi tu. Vitamini E na seleniamu zinalinda chembe za mwili zisiharibike, lakini seleniamu ikizidi kidogo ni sumu. Vitamini A na D nazo zinajilimbikiza mwilini. Wale wanaoongeza kijiko kingine "ili ifanye kazi haraka" wajue hilo.

Kinachotuudhi ni pakiti zinazouzwa kama vitamini za kuongeza mayai kumbe ndani yake mna oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki. Mfugaji anaiweka kwenye maji wiki nzima na mayai yanakwenda sokoni kama kawaida. Mlaji anakula mabaki ya dawa, vijidudu vinazoea dawa, na siku kuku anapougua kweli dawa inagoma. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006. Sisi hapa bado tunakabidhiwa dukani pamoja na chenji. Maandishi ya pakiti yenyewe ni ya Kiingereza, tena madogo, na wakati mwingine ni ya lugha ambayo hata muuzaji haijui.

Wenzetu wenye ng'ombe wameniomba nisiwasahau. Ng'ombe wanaosafirishwa kwa lori kutoka mikoa ya mbali hadi mnada wa Pugu, bila maji na kwa kubanana, humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli. Wakichinjwa kabla ya kupumzika, nyama inakuwa nyeusi, ngumu kidogo na inaharibika mapema. Hakuna unga wa kuchanganya na maji utakaorekebisha hilo baada ya kisu.

Katika kipindi cha mafunzo, kikundi kimeezeka makuti juu ya bati kwenye baadhi ya mabanda na kuhamishia matangi ya maji kivulini, kwa sababu tangi jeusi lililopigwa na jua linatoa maji ya moto na kuku hayanywi. Siku za kawaida kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula; siku za joto hupita hapo mbali. Chakula sasa tunakitoa alfajiri na jioni, na saa za mchana hatuwasumbui. Pakiti inakuja baada ya hayo, na kwa wengi wetu bajeti ya pakiti imeshuka.

Pamoja na hayo, tuna maombi.

Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 ipo. Tunaomba ukaguzi ufike kwenye maduka ya mitaani, sampuli za chakula na virutubisho zipimwe, na majibu tuyapate sisi tunaonunua. Tunaomba pia maelezo ya kila pakiti yawe kwa Kiswahili, na kama ndani mna antibayotiki iandikwe kwa herufi kubwa pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai.

Afisa Mifugo wetu wa Kata anatembea kwa miguu na nauli yake mwenyewe. Tunaomba apatiwe pikipiki.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tumeandika andiko. Hatukuomba fedha za dawa. Tumeomba za kuinua mapaa, kupanua madirisha ya wavu na kuchimba kisima kimoja cha pamoja. Tunakuomba ulisemee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii ratiba inaonyesha chai, kisha ukaguzi wa mabanda. Kwa heshima kubwa tunaomba tuanze na mabanda, wageni wakiingia wachache wachache na vipaza sauti vikiwa vimezimwa. Jua linapanda, na chai inaweza kusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.