Barua ya kufunga muhula: imla, saini za babu, na ukurasa mmoja kila jioni

Kwa wazazi na walezi wa darasa la saba, la nane na la tisa,

Salamu nyingi. Mnaofanya kazi Dongguan na Shenzhen, kusini mwa China, najua mtaisoma barua hii kwenye kundi la WeChat la darasa, wengine mkiwa tayari kwenye foleni ya treni ya kurudi kwetu mkoani Hunan kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Babu na bibi mliobaki na watoto hapa mtasomewa na wajukuu. Wajukuu wasome yote, pamoja na sehemu zinazowahusu wao.

Mliokuja kwenye jioni ya kusoma Kiingereza mwezi Desemba mnakumbuka bwalo lilivyokuwa baridi. Hatuna ukumbi mwingine. Mabibi walikaa mstari wa mbele, chupa za maji ya moto mapajani, wakimsikiliza mtoto mmoja baada ya mwingine akisoma lugha wasiyoijua hata neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu, bado ninayo mfukoni. Msomaji wa nne alikuwa binti wa darasa la nane ambaye mwaka jana mzima hakufungua mdomo kwenye kipindi cha Kiingereza. Alisoma ukurasa mmoja kuhusu mvuvi mzee aliyempoteza mbwa wake. Hakukimbiza maneno. Kwenye nukta alitua. Alipomaliza watu wakapiga makofi, bibi yake akanyoosha mkono na kuuliza kwa kilugha chetu, kwa sauti ya sokoni: "Umesema nini?"

Binti akafunga kitabu. Akamsimulia bibi yake hadithi yote, kwa kilugha, tangu mvuvi alivyoamka hadi mbwa alipobweka ng'ambo ya mto. Bibi kila mara anauliza, "Halafu?" Na binti anaendelea. Bwalo zima lilinyamaza kusubiri mbwa apatikane, hata mpishi alitoka jikoni.

Ninafundisha mwaka wa 26 sasa, na sijaona mtihani wa ufahamu mzuri kuliko ule. Naomba muushike moyoni, maana nitaurudia huko chini.

Mtaala unataka mtoto anayemaliza darasa la tisa awe na maneno 1,600 hivi ya Kiingereza, na mbali na kitabu cha darasani awe amesoma maandishi ya jumla ya maneno 150,000 au zaidi. Wazazi wengi mmeishika namba ya kwanza na kuiacha ya pili. Mnanipigia simu kuuliza mtoto amefika neno la ngapi, kana kwamba tunahesabu magunia. Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto amesoma nini. Basi igaweni ile 150,000 kwa siku za miaka mitatu: haifiki maneno 140 kwa siku, pungufu ya ukurasa. Neno lililoandikwa mara ishirini kwenye daftari linakaa mpaka Ijumaa. Kwenye ukurasa mtoto hulikuta likifanya kazi yake, kesho akalikuta tena likifanya nyingine. Mtoto mmoja wa darasa la saba anajua kwamba "light" ni taa, na imla hakosi. Alipokuta sentensi inayosema mkoba wa msichana ulikuwa "light", yaani mwepesi, akatafsiri kwamba msichana alikwenda shule amebeba taa. Tulicheka, naye alicheka, lakini kwenye mtihani wa kuingia sekondari ya juu mwezi Juni hakuna wa kucheka naye.

Kuna jambo la pili linalofanana na hilo. Asubuhi moja nilimkuta bibi mmoja getini, ametembea kutoka kijijini na daftari la mjukuu chini ya kwapa, uso umemkunjamana. Mjukuu amemuua babu, amemuua baba, na yeye bibi mwenyewe amemuua, yote katika ukurasa mmoja! Nikalichukua daftari. Ni ule mchezo wa siku zote: mtoto hajui kutamka "yes", anaandika pembeni herufi za Kichina zinazokaribiana na sauti hiyo, ikasomeka "babu amekufa". "Nice" ikawa bibi amekufa, "bus" baba amekufa, na "girls" ikamzika kaka. Kwa mwezi huu wa Mwaka Mpya, ambao hata neno "kufa" halitamkwi mbele ya wazee, mnaelewa kwa nini bibi alitembea umbali ule. Nilimpa chai na kumweleza. Watoto nao nimewaeleza: anayesoma Kiingereza kwa sauti za Kichina hatalitambua neno likitoka kinywani mwa mtu mwingine. Pembezoni mwa madaftari pafutwe wakati wa likizo.

Matokeo ya muhula yapo kwa walimu wa darasa. Darasa la tisa mmefanya vizuri, hasa kwenye vifungu vya kujaza nafasi. Fedha za chakula zimelipwa na karibu wote. Ambao bado, mnajijua. Simu haziingii shuleni, hilo lina miaka sasa. Walioomba tufundishe Kiingereza Jumamosi: hapana, wala msinitumie majina ya vituo vya masomo ya ziada. Sera ya Julai 2021, ya kuwapunguzia watoto mzigo wa kazi za nyumbani na masomo ya ziada, mnaijua kama mimi. Na watoto 11 hawakuonekana siku ya marudio ya mwisho kwa sababu nyumbani kulikuwa na kuchinja nguruwe wa Mwaka Mpya. Nguruwe angesubiri siku mbili.

Sasa habari ya saini.

Kila imla ya jioni ilitakiwa irudi asubuhi na saini ya mlezi. Babu mmoja wa kwetu hajui kuandika, wala haoni haya kulisema, na tangu mjukuu wake aingie darasa la saba amekuwa akitia dole gumba kwa wino mwekundu. Katikati ya Novemba, ghafla, babu huyo akaanza kusaini. Tena kwa mwandiko wa kupendeza, kama wa mtu anayeandika mabango mekundu ya milangoni ya Mwaka Mpya. Mwalimu wa Kiingereza akaniletea daftari hilo, kisha la pili, kisha rundo. Mwandiko mmoja. Wazee 13, mkono mmoja!

Karani tulimpata. Alikuwa na foleni yake nyuma ya vyoo baada ya usomaji wa asubuhi, na bei zake: saini mbili za bibi kwa pakiti ya latiao, vile vitafunio vya unga vyenye pilipili, saini ya baba, ambayo ni ngumu zaidi, pakiti nzima kwa moja. (Mkoa wetu ndio ulioizaa latiao. Sikujua kama itakuja kuwa sarafu.)

Saini zenyewe ningezisamehe. Nilipofunua kurasa zilizosainiwa nikakuta imla safi, kumi kwa kumi, zimenakiliwa moja kwa moja kutoka orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Niliwaketisha wote 13 ofisini kwangu, nikawapa kifungu cha mistari sita kilichojengwa kwa maneno yao hayohayo. Wawili walikielewa. Wengine walitazama dari. Mwezi mzima mtoto anaidanganya shule, shule inaridhika, na hakuna neno hata moja lililoingia kichwani.

Niliwaita wazazi na walezi. Sita walikuja. Wanne walipokea simu. Wawili hawakupokea hadi leo. Mmoja alinijibu kwenye WeChat, na uso wa kucheka juu yake: "Mwalimu, huyo ana akili ya biashara." Mzazi mwenzangu, nimeusoma ujumbe wako mara nyingi kuliko unavyodhani. Mwanao ana mwandiko mzuri na kichwa chepesi, na ametumia vyote viwili kuwafundisha wenzake 12 namna ya kutosoma. Akirudi, atasafisha kabati la vitabu la darasa la nane kwa wiki nne, na kila siku atanisimulia kitabu kimoja alichokifuta vumbi.

Na shule ina kosa lake. Tangu Aprili 2021 Wizara ya Elimu imekataza kuwatwika wazazi ukaguzi na usahihishaji wa kazi za nyumbani. Sisi tukajiambia kwamba saini si usahihishaji. Tulikuwa tunamwomba bibi asiyejua herufi moja ya Kiingereza athibitishe imla ya Kiingereza, halafu tukashangaa saini ikawa bidhaa. Muhula ujao saini za imla hazipo tena. Kuandika neno mara ishirini nako hakupo.

Badala yake, kila jioni ya likizo, ukurasa mmoja. Vitabu vyembamba vimegawiwa, kila mtoto viwili. Asome kwa sauti, afunge kitabu, amsimulie aliye karibu, kwa kilugha. Bibi, kazi yako ni kuuliza "Halafu?" Akishindwa kujibu, arudi ukurasani. Akina baba na mama mliosoma na Li Lei na Han Meimei, wale wa kitabu cha Kiingereza cha miaka ile ya 90, msiseme mmesahau yote. Mkifika nyumbani fungueni kitabu mkae pembeni yake, na mkisharudi kazini, simu ya video ya Jumapili inatosha ukurasa mmoja.

Shule inafunguliwa baada ya Sikukuu ya Taa, ile inayofunga sherehe za Mwaka Mpya. Wa bweni waje na blanketi nzito.

Kipande cha chini cha barua hii kirudishwe siku ya kufungua, kikionyesha kwamba mmeisoma. Dole gumba linakubalika. Saini yenye mwandiko mzuri kupita kiasi nitaipigia simu.

Mkuu wa Shule