Dawa ya pili ya kisukari isicheleweshwe

Ndugu Mhariri,

Tangu mtoe makala ya "sindano mpya" za kisukari, wateja wananijia dukani na picha kwenye simu. Wakisikia bei wanaondoka wanyonge, kana kwamba vidonge walivyonavyo ni vya kupoza tu. Ushahidi hausemi hivyo.

Utafiti wa GRADE wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, uliwachukua watu 5,047 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa kwenye metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi huanzia. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, kila kundi likaongezewa dawa moja, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 5. HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, ilifika asilimia 7 au zaidi, yaani sukari haikudhibitiwa vya kutosha, kwa asilimia 67 ya waliopewa insulini glajini, 68 ya sindano ya liraglutidi, 72 ya vidonge vya glimepiridi na 77 ya sitagliptini. Sindano zilitangulia, ndiyo, ila hakuna dawa iliyowashikilia hata nusu ya watu wake.

Semaglutidi na tirzepatidi, sindano mpya zenye nguvu zaidi, hazikuwamo katika utafiti huo. Mwenye maradhi ya moyo au figo namrudisha kwa daktari wake, maana huyo uchaguzi wake ni mwingine.

Lakini wengi ninaowahudumia shida yao haijafika huko. Mzee analeta cheti kilekile, kimekunjwa hadi kimechanika: metformini asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi. Kliniki ikikaribia anajinyima wali siku mbili tatu, sukari ya asubuhi inasoma vizuri, anaambiwa endelea hivyo hivyo. HbA1c haidanganyiki kirahisi namna hiyo, kwa kuwa inabeba miezi miwili mitatu iliyopita. Ukimuuliza kama amewahi kuipima, anakutazama tu.

Angeongezewa hata kidonge cha bei nafuu mapema, angekuwa mbali. Tahadhari ipo: katika utafiti ule glimepiridi ndiyo iliyoongoza kwa kushusha sukari hadi hatari, asilimia 2.2 ya watumiaji, na glibenklamidi ya jamii hiyohiyo huwasumbua wazee zaidi. Anayeimeza kisha akaacha kula, kama huyo wa kujinyima kabla ya kliniki, anaweza kuzirai.

Mkirudi kwenye mada hii, tuandikieni HbA1c inapimwa wapi katika kila mkoa na kwa shilingi ngapi. Nitaibandika dirishani.

Mfamasia,
Tanga