Risala ya Wanafunzi wa Uchunguzi wa Jinai kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa, mwanafizikia Mjerumani Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Mwaka uliofuata tu, picha ya risasi iliyokwama mguuni mwa majeruhi ilitumika kama ushahidi mahakamani mjini Montreal. Leo ipo mashine ya eksirei inayokizungusha kitu taratibu huku ikikipiga picha mamia kwa maelfu, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo kamili. Huonyesha alama za maikroni chache, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi.

Turuhusu tukueleze habari za mfupa mmoja. Chini ya kidevu, juu ya zoloto (kisanduku cha sauti), kuna kimfupa chenye umbo la herufi U, kisichogusana na mfupa mwingine wowote. Mtu akikabwa koo, kimfupa hicho huweza kuvunjika. Shida ni kwamba sehemu zake huunganishwa na viungo ambavyo kwa watu wengine havifungi hata ukubwani, na kwenye eksirei ya kawaida kiungo hicho hufanana na ufa. Mtu aweza kufungwa kwa sababu ya kivuli! Mashine hii huonyesha kingo zenyewe: laini, zenye ganda la mfupa, ni kiungo, zilizochongoka ni mvunjiko. Na kimfupa kikikutwa kizima, haina maana kwamba marehemu hakukabwa. Hilo nalo mtaalamu mwaminifu lazima aiambie mahakama.

Katika mazoezi tulikata mifupa ya wanyama kwa misumeno miwili. Kwa macho, mikato ilifanana. Kwenye skrini, kila mkato ulikuwa na upana wake na mikwaruzo yake chini kabisa, tukajua msumeno upi ulipita wapi. Mifupa ilibaki kama ilivyokuwa, wakati njia ya zamani ni kuuchemsha mfupa mpaka nyama itoke, na kilichopotea humo hakirudi.

Mheshimiwa, kipande kimoja huweza kuchukua saa kadhaa mashineni, na zamu zetu ni chache mno. Tunaomba utusaidie tutengewe siku yetu ya mazoezi kila wiki. Tunaomba pia mawakili na waendesha mashtaka waalikwe kujionea kazi hii, maana picha nzuri inayozunguka kwenye skrini huaminiwa haraka, hata pale mtaalamu mwenyewe ana shaka.

Tunaomba kuwasilisha.