Barua ya wazi kwa waandishi vijana wa Lubumbashi: msomeni mwenzenu kabla ya kumjibu

Wanangu na wajukuu zangu, ninyi mnaokutana kusomeana kazi zenu na kutumiana kurasa kwa simu,

Nimekaa kimya tangu Jumamosi ile, nikitumaini kwamba mmoja wenu angeona mwenyewe kilichoharibika. Hakuna aliyeona, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Binti kutoka Katuba, mtaa wa mji wetu, aliwasomea hadithi yake ya kwanza. Ilimhusu bibi anayeuza makaa kando ya barabara, na ndani yake mlikuwa na mahali ambapo bibi huyo, kabla ya kulipia gunia, alichukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio lake, kisha akalikataa gunia zima. Kila aliyewahi kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, anajua kwamba makaa yaliyoiva vizuri hutoa mlio mkavu, na yaliyoingia maji hayalii. Mwandishi hakueleza lolote kati ya hayo. Alimwacha bibi asikilize, nasi tukasikiliza pamoja naye. Alipomaliza kusoma, wa kwanza kusema alimsahihisha sarufi mara tatu mfululizo. Wa pili alisema, "Bravo, kazi nzuri, endelea," bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Wa tatu akaanza kusimulia hadithi ambayo yeye mwenyewe anakusudia kuiandika. Makaa hayakutajwa na mtu yeyote. Binti alizikunja karatasi zake akazitia mkobani, na tangu siku hiyo hajatuma hata mstari mmoja.

Aliyesema "bravo" anaamini kabisa kwamba alimtia moyo. Wanangu, mwandishi hutiwa moyo anapopata ushahidi kwamba amesomwa. Ukimwambia kazi yake ni nzuri sana, hana la kufanya na neno hilo kesho asubuhi atakapokaa tena mbele ya karatasi. Lakini ukimwambia kwamba pale bibi alipogonganisha makaa uliacha kila kitu ukasikiliza, na kwamba aya iliyofuata ilikueleza tena jambo ambalo ulikwisha kulisikia, umempa vitu viwili vya kufanyia kazi: anajua nguvu yake iko wapi, na anajua mahali pa kupunguza.

Najua kuna wenzenu wanaojitetea kwa methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa hiyo wanaona ukali ndio malezi. Methali hiyo naiheshimu. Inamwonya anayemimina sifa bila kipimo. Haimkatazi mnywaji kusema kwamba kibuyu cha leo ni kitamu kuliko cha jana, na kwa sababu gani. Mgema anayeambiwa hivyo anajua apande mnazi upi kesho.

Sasa nije kwenye lile lililoniudhi zaidi, yaani haraka yenu ya kuwinda makosa ya lugha. Mtu anasoma juu ya mama yake aliyekufa, na mwenzake anamkatiza kwa sababu ya ngeli! Tena mara nyingi kinachosahihishwa si kosa, bali ni mhusika anayesema kama watu wanavyosema katika mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo au Kampemba. Mwuza makaa wa Katuba hawezi kuzungumza kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, na mwandishi anayemlazimisha azungumze hivyo anamwongopea msomaji.

Mji wetu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, una ushahidi wake wenyewe. Mwaka 1965, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Tahajia yake haikufuata kanuni za shule. Wasomi walipotaka kuielewa, ilibidi mzungumzaji wa Kiswahili cha huku aisome kwa sauti, na hapo maana ikajitokeza. Mwaka 1990 ikachapishwa nje ya nchi pamoja na tafsiri na maelezo, na hadi leo wanahistoria wanaisoma. Fikirini lau mtu angemkatiza Yav kwenye ukurasa wa kwanza.

Tabia hii hamkuizua ninyi. Wengi wetu tulipita katika shule ambamo mtoto aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani alivikwa kitu shingoni ili wenzake wamcheke, naye akakibeba mpaka amnase mwingine. Tuliwalea tukiwa bado tunakibeba. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kila tarehe 7 Julai tunasherehekea siku yake duniani kwa hotuba nzuri. Lakini kijana akiandika kwa Kiswahili anachotumia nyumbani kwao, tunamwona aibu. Jamii inayowafunza watoto wake kuchekana midomo isishangae kukosa waandishi.

Mengine nayataja tu. Usiiandike upya hadithi ya mwenzako kama ambavyo ungeiandika wewe. Muulize kwanza anataka umsaidie wapi. Makosa ya tahajia mpelekee yeye peke yake. Aliyekutumia kurasa usimwache akisubiri mwezi mzima. Ukiwa umemchukia mwandishi, nyamaza siku hiyo.

Naandika kwa ukali kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimewasikia mkisoma na najua mlicho nacho. Kwa kikao kijacho naomba kila atakayetaka kusema aanze kwa kuisoma kwa sauti sentensi moja ya mwenzake iliyombakia kichwani, neno kwa neno kama ilivyoandikwa, kisha aseme ilimfanyia nini, na baada ya hapo tu ndipo aonyeshe kilichomkwamisha. Asiyeipata sentensi hiyo aombe asomewe tena. Na asiyekuwa na muda wa kusomewa tena, zamu yake ya kusema impite.

Mimi mzee wenu,
Lubumbashi