Barua kwa mwanangu: pumzi ya mama yako

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponipigia simu kutoka Bukavu nilikujibu kwa mkato, na najua ulikasirika. Mama yako alikuwa karibu yangu akisonga bugali, na jambo uliloniuliza halizungumzwi mbele yake. Ndiyo maana naandika.

Uliuliza juu ya yule kijana wa kwenye kanoti, ile boti ya ziwani, aliyekataa pesa yako kwa ajili ya mama yako. Hakumfananisha na mtu mwingine. Ni kweli, mama yako ndiye aliyemtoa kwenye mazuku, ile gesi ya mashimoni inayoua.

Ninyi mmekua mkimjua kama fundi wa kushona, mtu wa kunyamaza, anayekaa benchi la nyuma kanisani na kuondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Hamkumwona ziwani. Mimi nilimwona, kule kisiwani Idjwi, mwaka niliokwenda kujitambulisha kwao. Babu yako alikuwa mvuvi wa samaki wadogo wa sambaza, wale wa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanaotoka jioni na taa zao wakipiga kasia kwa nyimbo. Jiwe la nanga likikwama chini, hakutuma mtoto wa kiume. Alimtuma mama yako. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na watoto wa kisiwani huogelea kabla hawajajua kuhesabu, lakini yeye alikuwa wa peke yake. Siku ile alizama, nikahesabu kimoyomoyo, nikafika sitini, nikaanza kuogopa, dada zake wakanicheka. Alipoibuka alikuwa hata hahemi. Tangu tuoane sijamwona akizama tena. Goma tulikuja kutafuta maisha.

Lava ya Januari 2002 ilipochukua nyumba yetu tulihamia upande wa Keshero. Huko ndiko tulikojua mazuku. Neno unalijua, lakini nataka uelewe kitu chenyewe. Ni gesi inayopanda kutoka kwenye nyufa za ardhi yetu hii ya volkano, kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mashimoni kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, inatawanyika. Mtu mzima anaweza kusimama akiongea, huku mbuzi aliye miguuni pake anakufa. Ndiyo maana watoto hutangulia. Na aliyekimbia kuwaokoa huanguka juu yao, maana akiinama tu, amekwisha kuivuta.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla hujazaliwa, asubuhi, ukungu haujaondoka. Mtoto wa jirani alishuka shimoni kumfuata mbuzi, na dada yake mdogo akamfuata. Tuliposikia yowe na kufika, tulikuta wanaume sita au saba wamesimama ukingoni. Mmoja alirusha mwenge wa majani makavu. Ulizimika kabla haujagusa chini. Hakuna aliyesogea, na mimi nilikuwa mmoja wao, mwanangu. Nilimshika mama yako mkono nimzuie. Hicho ndicho nilichokifanya siku ile.

Alifungua kikwembe chake cha juu akanipa. Akavuta pumzi polepole mara tatu, kama nilivyomwona mtumbwini. Ya nne akaifunga. Akashuka akitembea. Hakukimbia, kwa sababu mbio zinakula pumzi. Hilo alinieleza baadaye sana. Akamfikia mvulana, akamvuta kwa kwapa hatua chache, kisha akamwacha hapo akapanda peke yake. Watu wakapiga kelele wakidhani ameshindwa. Hakujibu neno. Akapumua, akashuka tena, na mara hiyo akatoka naye, visigino vya mtoto vikiburura juu ya mawe. Mtoto akakohoa.

Akashuka mara ya tatu. Msichana alikuwa chini kabisa, pale shimo linapokunja kona. Alimtoa pia, lakini huyo alikuwa amekwisha kufariki.

Watu walitaka kumbeba juu. Akakataa, akaenda kukaa chini karibu na mama wa wale watoto, na hakurudi nyumbani mpaka kilio kilipoisha. Usiku aliorudi akaniambia: "Usilisimulie jambo hili. Ukilisimulia watanisifu, na yule mama atasikia."

Nimelishika neno lake miaka yote. Nikuambie na ukweli wangu: kunyamaza kulikuwa rahisi kwangu, kwa sababu nikisimulia alipopita yeye, lazima niseme niliposimama mimi. Mkono wake nausikia mpaka leo, jinsi alivyouchomoa kwenye wangu bila kunitazama.

Unamkumbuka mama aliyekuwa akileta vitambaa kila mwezi wa kumi na mbili, asilipe hata franka moja? Mlikuwa mkinung'unika, wewe hasa, kwamba pesa ya masomo haijatimia na Mama anashona bure. Ndiye huyo.

Ukija likizo, usimuulize mbele ya wadogo zako. Wala usimshukuru kwa maneno mengi, atanyanyuka aende zake. Mwambie tu akupeleke ziwani akufundishe kuzama. Mara ya kwanza atakataa. Mwombe tena, na mimi nitakuja kuwashikia nguo.

Mashini ya kushona imenyamaza chumbani. Amekuja kuuliza namwandikia nani, nimemwambia ni wewe. Anasema mvua zimeanza huko Bukavu, usitoke bila mwavuli.

Papa yako