Mwanangu, usiitangaze bado

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na kabla ya habari za safari nina neno. Unasema 4,294,967,297 ni namba tasa, na kwamba ukifika chuoni ndilo jambo la kwanza utakalowaonyesha walimu. Tafadhali, usiwaonyeshe.

Si kwamba huna akili. Kuziona 3, 5, 17, 257 na 65,537, ukagundua kwamba kila moja ni 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, ikajumlishwa 1, tena bila kudokezwa na mtu! Hilo nimewasimulia watu hadi wananikimbia. Mwanahisabati Pierre de Fermat naye aliziona hizo hizo mwaka 1640, akaamini kwamba inayofuata, ya kipeo cha 32, ni tasa pia. Lakini yeye alikiri kwamba uthibitisho hana. Wewe umeandika “nimethibitisha”.

Umethibitisha nini? Umegawanya kwa namba tasa hadi 599, mkono ukachoka. Ili kuthibitisha kwa kugawanya, lazima ufike kwenye kipeuo cha pili cha namba hiyo; nacho kinazidi 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542. Hukuwa umefika popote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba zilibaki saba: 601, 607, 613, 617, 619, 631, halafu 641. Gawanya kwa hiyo ya mwisho. Utapata 6,700,417, baki sifuri.

Kigawo hicho, 641, mwanahisabati Leonhard Euler alikitaja mwaka 1732, na baadaye akaeleza njia. Alijiuliza kwanza kigawo cha namba kama hii kinaweza kuwa cha namna gani. Kila kigawo chake tasa, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za namna hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano! Wewe umejaza daftari zima. Kupenda daftari lililojaa umerithi kwa nani, tusiulizane.

Tena 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kaa na hayo mawili. Yanatosha kuonyesha kwamba 641 inaigawanya namba yako bila hata mgawanyo mmoja mrefu. Jinsi gani, sikwambii.

Na usije ukaniambia kwamba basi ya kipeo cha 64 ndiyo tasa. Baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine ya namna hiyo iliyowahi kupatikana. Usitangaze, mwanangu. Hesabu kwanza. Kama walimu umeshawaandikia, niambie mapema.

Cheti chako cha kuzaliwa nimekiweka ndani ya bahasha hii, usikikunje tena. Meza yako ameichukua mdogo wako. Karatasi zako nimezifunga pamoja, hazitatupwa. Funguo za kabati umeondoka nazo, na nguo zake ziko humo. Zitume wiki hii.

Mama yako